Baba, Nimeanza Kupiga kwa Piki

Baba,

Shikamoo.

Nimeandika hilo neno, nikaweka kalamu chini, nikangoja. Mazoea mabaya haya. Maisha yangu yote nimekuamkia na wewe umeitika, hata zile siku ulizokuwa umeninunia uliitika, japo kwa pua. Leo naandika shikamoo, karatasi inanitazama tu. Haya, nachukulia umeitika.

Ni Jumatatu mchana. Mvua inanyesha tangu asubuhi, shambani hakuendeki. Juzi Jumamosi tumeanua matanga yako, maana mwaka umetimia. Watu wamekula, wamekunywa, wamekwenda zao. Deo amepanda gari jana baada ya misa, yeye na mkewe na watoto, wamerudi kwao Nemba. Mdogo wangu yule amenenepa, Baba, ungemcheka. Nyumba imebaki na mimi. Nimekaa kwenye kiti chako kwa sababu changu kina mguu mbovu, usije ukadhani nimeanza kujipa ukubwa.

Sasa, nina habari ambayo najua hutaipenda. Nimeizungusha miezi sasa. Nikija kaburini kung'oa majani nakusimulia ya maharage, ya kwaya, ya mbuzi wa Shangazi aliyeingia kanisani akatafuna kitambaa cha altare, nacheka peke yangu kama mwehu, halafu naondoka bila kuisema. Leo naisema. Baba, nimeanza kupiga gitaa kwa piki.

Ndiyo, kile kipande cha plastiki cha kukwangulia nyuzi. Kile kile. Naukumbuka uso wako siku ile vijana wa kwaya ya parokia walipokuja na magitaa yao na piki zao wakapiga mbele yako. Uliwapa mkono, ukawashukuru, ukawasindikiza mpaka njiani. Uliporudi ukaniambia, "Mtu anayepiga gitaa kwa plastiki ni sawa na anayekula ugali kwa kijiko. Atashiba, lakini mkono wake hautajua amekula nini." Nilicheka siku hiyo. Nilijiona mkubwa mimi, mwenye vidole vyangu.

Usinikasirikie kwanza. Nisikilize mpaka mwisho, halafu ununue ugomvi ukitaka.

Unakumbuka ulivyonifundisha. Vidole viwili tu, basi. Gumba kwa nyuzi nene, kidole cha shahada kwa nyuzi nyembamba. Gumba linatembea, halisimami, na shahada kinasema juu yake. Watu waliokuwa wakipita barabarani walidhani humu ndani kuna magitaa mawili. Lilikuwa moja, na lilikuwa na ufa ubavuni uliozibwa kwa gundi ya viatu. Mimi natumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, lakini gitaa nililijifunza kwa mkono wako wa kulia kwa sababu ndilo lilikuwepo, na hukutaka kulibadilisha nyuzi. "Mkono ni mkono," ulisema. "Utazoea." Nikazoea.

Na unakumbuka habari ya kisu. Mama alikuwa hata arobaini yake haijapita. Nilikuwa na miaka sita, pengine saba. Ulikaa nyuma ya nyumba na mkungu wa ndizi mbichi, huku Deo analia mgongoni mwako, na mimi nikachukua kisu ili nikusaidie kumenya. Nilikishika kwa kushoto, ndizi nikaishika kwa kulia, vidole vyote vya kulia vimejipanga mbele ya makali. Loo! Ulikinyakua kile kisu mpaka nikaanguka chali. "Mkono huu ni wa gitaa," ukasema. "Ndizi nitamenya mimi."

Ukamenya kweli. Miaka mingapi hiyo? Mwanamume mzima wa hapa kijijini Kirushya, amekaa kwenye kigoda kila asubuhi anamenya ndizi, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu, na binti yake yuko ndani anafanya mazoezi ya gitaa. Watu walicheka mpaka wakachoka. Shangazi hakucheka, yeye alikasirika. Alisimama pale uani mikono kiunoni akakuambia, "Kaka, mchelea mwana kulia hulia yeye. Nani atamwoa mwanamke asiyejua kumenya ndizi?" Na wewe, bila hata kuinua macho, ukamjibu, "Atakayemwoa atamenya yeye."

Hakutokea. Si kwa sababu ya ndizi peke yake, najua, mdomo wangu nao ulichangia. Lakini tuliishi vizuri, mimi na wewe. Nilisonga ugali, nilichemsha maharage, nililima, nilichota maji. Kisu cha ndizi tu ndicho kilikuwa chako.

Ukafa.

Siku ya pili ya msiba wanawake walikaa nyuma ya nyumba kumenya. Unajua msiba ulivyo, mikungu ilikuwa imelundikwa mpaka dirishani. Mimi nilikuwa ndani, nimekaa chini karibu na wewe. Nikasikia mmoja anauliza, si kwa ubaya, anauliza tu: "Na binti wa marehemu hamenyi? Hata leo?" Mwingine akamnyamazisha. Ule ukimya ndio ulionitoa. Nikainuka, nikatoka, nikakaa katikati yao, nikasema nipeni kisu.

Ningesema sijui. Neno moja tu, sijui. Lakini Baba, mwanamke wa miaka thelathini na sita, baba yake amelazwa ndani, atawaambiaje wanawake wenzake kwamba hajui kumenya ndizi? Shangazi alinitazama, akaona ninavyokishika, akafungua mdomo. Nadhani alitaka kunizuia. Alichelewa. Ilikuwa ndizi ya tatu. Kisu kiliteleza kwenye utomvu kikaingia kwenye shina la kidole cha shahada, mkono wa kulia. Sikusikia maumivu. Niliona tu ndizi zimekuwa nyekundu, nikafikiri, jamani, nimezichafua ndizi za watu.

Wakaniambia niende hospitali. Nikakataa. Nilisema siendi kokote mpaka uzikwe, na ninavyojua kukaidi, nani angeniweza? Nikafungwa kwa kipande cha kanga. Tulikuzika kesho yake saa kumi, na udongo nilikutupia kwa mkono wa kushoto, hakuna aliyeuliza kwa nini. Nilipofika kwa daktari kidonda kilikuwa kimevimba. Alikisafisha, akakishona, akaniambia kano imekatika. "Ungekuja siku ileile," akasema, kisha akaacha hapo. Kidonda kimepona vizuri. Ila kidole hakikunjiki tena. Kimesimama tu, kinaonyesha kila mahali.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu na wewe. Mwaka mzima nimekulilia, na mwaka mzima nimekukasirikia, vyote viwili kwa pamoja, na hakuna mtu wa kumwambia, maana nani anaruhusiwa kumkasirikia baba aliyekufa? Kwa nini hukunifundisha kushika kisu? Kwa nini hukunigeuzia tu mkono, ukasema, Yasinta, vidole viwe nyuma ya makali, hivi, taratibu? Ungenifundisha kama ulivyonifundisha gitaa ningejua. Ulinipenda mpaka ukaniacha mjinga. Nimeliandika na silifuti.

Nimejifunza sasa, ujue. Shangazi alikuja wiki moja baada ya mazishi na kisu kidogo na mkungu, akakaa na mimi kwenye kigoda chako, akanionyesha. Asubuhi moja tu. Asubuhi moja, Baba, na najua kumenya.

Gitaa nililifunika kwa kitenge nikaliacha ukutani. Wakati wa msiba haikuwa na shida, nani angepiga? Lakini miezi ikapita. Siku moja nikalishusha. Nikajaribu kuvuta uzi kwa kidole cha kati, lakini shahada kimekakamaa, kiko mbele ya wenzake, kila nikitaka kuvuta chenyewe kinagonga kwanza, na maumivu yanapanda mpaka kwenye kiwiko. Nilijaribu wiki kadhaa. Nilikifunga kwa kitambaa nyuma, kikafunguka. Nikalirudisha ukutani.

Kanisani nilikaa na wanawake, siyo na kwaya. Baada ya Pasaka, Leonsi, yule katibu wa kwaya mwenye maneno, akaja hapa nyumbani. Alikataa chai, nikajua ana jambo. Akatoa karatasi mfukoni, akaifungua, ndani kuna piki ya kijani. "Yasinta," akasema, "kigango kimepooza. Watu wanaimba kama wanasoma tangazo. Jaribu tu hii." Nikamwambia Baba angenilaani. Akasema, "Mzee hakuwa na laana, alikuwa na maneno tu. Na Mungu hana ugomvi na plastiki." Nilimfukuza. Piki aliiacha mezani, mjanja yule.

Nikaitia kwenye kopo la sukari. Kila nikichota sukari naiona. Siku ya nne nikaitoa, nikaifuta, nikaibana kati ya gumba na kidole cha kati, nikapiga uzi mmoja. Ikaniponyoka, ikadumbukia kwenye tundu la gitaa. Ukitaka kujua upweke ni nini, kaa peke yako ndani ya nyumba, umelipindua gitaa la baba yako, unalitikisa plastiki itoke, haitoki. Shangazi akapita mlangoni, akasimama akanitazama. "Sasa hilo nalo limekukosea nini?" Nikacheka mpaka nikalia. Naye akaingia, akalishika upande wa pili, tukatikisa wote.

Ilinichukua muda. Mkono uliozoea kugusa uzi kwa ngozi haujui la kufanya na kitu kilichokaa katikati. Mwanzoni nilikuwa nakwaruza kama panya darini. Nilibana sana, mkono ukashikwa na ganzi, nikalegeza, ikaruka. Halafu siku moja ikakubali, ikaenda chini na juu, chini na juu, bila mimi kuifikiria. Nikarudi kwenye kwaya. Sauti yake ni kali, Baba. Wewe ulipopiga, watu wa benchi za nyuma walikuwa wanakuamini tu. Mimi wananisikia mpaka wale wanaosimama nje na watoto. Na kwenye zile nyimbo za haraka piki inakimbia, vidole vyetu visingeifikia.

Tena kuna baya zaidi ya hilo. Kuna siku naipenda. Nisamehe.

Ila inasema neno moja kwa wakati mmoja. Gumba langu zima, halina hata kovu, lakini kazi yake sasa ni kushika plastiki. Hakuna anayetembea huku chini. Kwenye nyimbo za kanisa si neno, ngoma ipo, sauti za wanaume zipo. Ila ule wimbo mwingine, unaujua ni upi.

Wimbo wa Mama. Ule usio na maneno, uliotunga baada ya kumzika, ukaupiga kila jioni miaka yote, na hukutaka Deo aurekodi kwenye simu. Ulimwambia, "Ukishaingia humo utaacha kuukumbuka." Ulinifundisha mimi peke yangu. Sikuupata kwa mwaka mzima, ndipo ukaniambia siri yake. "Gumba ni mama yako anatembea uani," ulisema. "Shahada ni mimi niko ndani, namwita. Usiwaharakishe. Yeye anafanya kazi zake, mimi naita." Nikaupata wiki hiyohiyo.

Haya, sasa juzi. Misa ilikwisha, tukarudi nyumbani, watu wamejaa uani, chakula kimeliwa. Deo akasimama kushukuru, akasema kwaheri ya kweli kwa Baba ni wimbo wa Mama, na dada atatupigia. Hakuniuliza. Anajua nimepona kidonda, anajua napiga kanisani, kwake yeye gitaa ni gitaa. Watu wote wakanigeukia. Ningeweza kukataa, ningesema mkono unauma, na ingekuwa kweli. Lakini niliwaza, nikikataa leo, mwakani sitaombwa, na mwaka wa kesho kutwa wimbo utakuwa umekwisha.

Nikalichukua gitaa. Nikaitoa piki. Na pale pale nimekaa, mbele ya watu, ikabidi nichague, kwa sababu piki inaweza kumtembeza Mama au inaweza kupiga mwito wako, haiwezi vyote viwili. Ilikuwa siku yako. Nikakuchagua wewe. Nikamwacha Mama.

Nikapiga mwito mtupu, mwanzo mpaka mwisho. Ulisikika wazi, mkali, kila mtu aliusikia. Na mimi nilisikia ulivyokuwa mtupu huku chini, unaita, unanyamaza, unaita tena. Nilijua sasa hivi mtu atasema, mbona siyo? Nilimtazama Deo, aliyelala usingizi wa utoto wake wote kwa wimbo ule.

Wakapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Deo alikuwa analia, machozi yanamtiririka bila aibu. Shangazi akaja, akanishika uso kwa mikono miwili, akasema, "Leo nimemsikia kaka yangu mzima."

Mzima! Na mimi nikasema, "Asante, Shangazi."

Hakuna aliyejua, Baba. Hata mmoja. Nusu ya wimbo haikuwepo na hakuna aliyeulizia imekwenda wapi. Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu, sikuwa nimejiandaa kwa makofi. Kila mtu alikuwa na furaha yake na machozi yake, na mimi nimekaa katikati yao nikaona kwamba nimebaki peke yangu duniani ninayejua ulivyokuwa. Ulipokufa niliachwa na watu wa kulia nao. Juzi ndiyo nimeachwa kweli.

Jana niliwasindikiza wageni, nikacheka nao, nikafagia uwanja.

Leo asubuhi mvua ilipoanza nikalishusha gitaa. Piki nikaiweka dirishani. Nikapiga upande wa gumba peke yake, kwa gumba lenyewe, ngozi juu ya uzi, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu ufe. Nilidhani nimeusahau. Sijausahau. Kama wimbo si mzuri, niseme ukweli, ni hatua tu, zinakwenda, zinarudi, zinasimama kidogo mahali fulani, nadhani ndipo palipokuwa na jiko. Niliufikisha mwisho. Kisha nikaupiga tena. Sauti yake ilikuwa ndogo, mvua ilikuwa karibu kuifunika, na hakuna aliyeita.

Basi ndivyo nilivyo, Baba. Nina nusu mbili na mkono mmoja. Piki siiachi, nakuambia mapema, kwaya inaihitaji na mimi ninaihitaji. Kidole hakitarudi, na wewe hutarudi, na hasira yangu nadhani nayo itachoka siku moja, lakini siyo leo. Lala tu. Majani nitayang'oa mvua ikikatika, na yule mbuzi nimemwambia Shangazi amfunge.

Nakuahidi jambo moja. Kesho naenda kwa Shangazi kumwambia kwamba kaka yake hakuwa mzima juzi, na Deo nitampigia simu nimwambie vilevile, hata kama nitawaharibia machozi yao. Nitawapigia nusu zote mbili, moja baada ya nyingine, wasikie. Halafu nitamtafuta mtu yeyote mwenye gumba na subira, nikae naye kwenye kigoda, nimfundishe kutembea taratibu huku mimi naita kwa plastiki yangu. Asipopatikana nitaendelea kumtafuta. Lakini makofi sitayapokea tena, Baba, wakati wewe unaita na Mama haji.

Mwanao,
Yasinta